Fizible Iliyokuwa Inakufa Nyamyumba Tu

Musitupe! Mi napita kwenye vibanda zenu pale karibu na soko, nawaona: munafungua mashini, munatoa fizible iliyoungua, munaitupa chini kama ganda ya karanga, munaweka ingine, taa inawaka, munapiga kifua. Na mi nasimama pale na fimbo yangu, roho inaniruka, nataka kulalamika mbele ya wateja wenu: okota ile kitu! Ile unayotupa njo iko na habari yote!

Bon. Muniache niende polepole, juu nikianza na furaha nitachanganya mambo. Kazi nimeiacha. Macho imechoka, mukono inatetemeka, siwezi tena kuunga kawaya kembamba bila kujichoma kidole. Lakini mudomo bado nzima, na kalamu naijua kidogo. Shule nilifika mpaka ile darasa mwalimu anaanza kuchapa watu juu ya hesabu, nikatoka, sikurudi. Herufi zingine nilizijua kwenye kofia za fizible. Musicheke. Ni kweli kabisa.

Kwa wale wasiojua: fizible, wale waliorudi kutoka Tanzania wanaita fyuzi, ni kioo kidogo kama kipande ya sigara, kofia ya chuma huku na huku, na ndani kawaya kama unywele. Umeme wote wa mashini unapita pale. Ukizidi, kawaya kanayeyuka, njia inakatika, na mashini yenyewe inabaki nzima. Ni kitu imetengenezwa ife ili zingine zisife. Mi nilipoelewa ile maneno mara ya kwanza nilikaa chini kabisa. Nilisema, kumbe mutu alikaa akafikiri hivi? Akatengeneza kitu ya kufa kwa makusudi? Mpaka leo bado inanishangaza.

Sasa, kwenye kofia kumeandikwa. F ni ya haraka: zidisha kidogo tu, imekatika. T ni ya kuvumilia: mashini ikianza kwa nguvu inangoja kwanza, inaona kama utapunguza, na ukikataa kupunguza njo inakatika. Aliyenifundisha ni Mzee Ramazani, fundi wa radio wa hapa Gisenyi, wa zile familia za Waislamu za muji ambazo babu zao walikuja na biashara. Kibanda yake ilikuwa nyuma ya mafundi wa kushona. Yeye alisema F ni bibi yake mukubwa na T ni bibi yake mudogo. Bibi mukubwa alisikia. Kile alimujibu sitakiandika.

Na A ni ampere, nguvu ya umeme inayoruhusiwa kupita. Hapa njo watu walikuwa wanakosea sana. Mutu anakuja: "Fundi, nipe fizible." Unamupa ya ampere mbili. Anaangalia, anakunja uso. "Hii iko na namba kidogo. Nipe ya makali, nipe kumi, mi siko masikini." Walidhani ni kama kununua betri au kama viatu, namba kubwa ni heshima. Unamueleza kwamba ya kumi itakaa imelala ndani ya kioo yake huku radio inaungua mbele yake. Hasikii. Anaenda kwa fundi mwingine, anapewa kumi, anarudi wiki ijayo na radio imegeuka makaa. "Fundi, ile fizible ilikuwa muzuri sana, haijakatika hata leo!"

Mzee Ramazani, ukimuletea kitu imekufa, hakushika bisibisi. Alitoa fizible, akaiinua mbele ya mbingu, akafunga jicho moja, kisha akanipa. "Imekufa namna gani?"

"Imeungua, Mzee."

"Sikuuliza kama imeungua. Hata mbuzi anaona imeungua. Imekufa namna gani?"

Ilinichukua muda kujua kusoma. Shikeni hii, vijana, ni mali: kioo ikiwa nyeusi ndani, au iko na rangi ya fedha kama kioo ya kujitazama, ile ilikufa kwa kishindo. Waya zimegusana mahali fulani, umeme ulikuja wote mara moja. Usiweke ingine! Tafuta kwanza. Lakini kioo ikiwa safi, na kawaya kamekatika katikati tu, kimya kimya, ile haikuuawa, ilichoka. Kuna kitu kilikuwa kinavuta kidogo, kidogo, kupita kiasi. Ile ni ngumu kuitafuta, juu haiachi alama. Na kama kawaya bado nzima na mashini haiwaki, angalia kofia, labda imelegea, usidanganyike ukafungua kila kitu bure.

Kulikuwa na mwenye bar moja, jina naacha, alikuwa na ampli kubwa ya muziki. Fizible ikikatika anaweka musumari. Musumari wa kupigilia mabati! Siku moja watu wanacheza, harufu nzuri inatoka nyuma ya ampli, mulevi mumoja akapiga kelele: "Na mi munitolee brochette mbili za nyama ya mbuzi!" Ilikuwa transfo, moyo wa ampli, inachomeka. Mzee Ramazani alipofungua ile ampli alikuta kila kitu kimeyeyuka isipokuwa musumari. Akautoa, akaupangusa kwa shati, akamurudishia mwenyewe. "Chukua. Hii bado inafaa, kapigilie bati."

Siku hizi munazo zile ndogo kama punje ya sukari, mimi hata nikivaa miwani sizioni. Na kuna zile zinazokasirika kisha zinasamehe: umeme ukizidi zinapata moto, zinafunga njia, zikipoa zinafungua tena zenyewe. Yebaba! Nilipooneshwa ile nilipiga makofi kama mutoto. Lakini ninawaambia, ile inayosamehe haikuachii maiti ya kusoma. Ina uzuri wake na ubaya wake.

Donc. Nilitaka kuandika juu ya mayai.

Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya tisini, muji umetulia kidogo baada ya vita, watu wamerudi, kila mutu anaanza kitu. Mi nilikuwa tayari na kibanda yangu mwenyewe huku Nengo. Akaja mwanamuke mumoja kutoka Nyamyumba, anaitwa Mama Esperansi. Mume wake hayuko tena. Wakati ule hatukuwa tunauliza sana. Amebeba beseni kichwani, ndani ya beseni kitenge, ndani ya kitenge kisanduku ya mbao yenye waya.

"Fundi, mashini yangu inakatika roho."

"Mashini ya nini, mama?"

"Ya kuku."

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akanieleza. Alikuwa na ng'ombe moja, moja tu, akamuuza. Akanunua kwa fundi wa mbao wa Goma kabati ya kuangulia mayai: ndani kuna balbu za kutoa joto, na chini kuna hii kisanduku. Kisanduku iko na kidude kinachosikia joto. Joto ikitosha, inazima balbu, ikipungua, inawasha. Na pesa iliyobaki ilikuwa yote mayai. Kabati imejaa mayai kutoka juu mpaka chini, na ilienda muzuri tangu mwanzo. Sasa mayai iko karibu kupasuka, na fizible imeanza kukatika.

Nikatoa ile fizible, nikaiinua mbele ya mbingu. Kioo safi. Kawaya kamekatika katikati, kimya. T ya ampere mbili, sawasawa kabisa kwa balbu zake, nilihesabu. Nikaweka ingine, nikaunga balbu zangu, ikawaka. Nikaiacha inafanya kazi wakati nakula, wakati natengeneza radio ya mutu mwingine, ikawa inawasha na kuzima kama inavyotakiwa. Muzuri! Nikamufungia kwenye kitenge, akaenda mbio.

Kesho yake beseni imerudi.

"Fundi, umenidanganya."

Kioo safi. Kawaya katikati. Nikaweka ingine, nikangoja muda murefu zaidi, haikukatika. Akaenda. Kesho beseni hiyo! Safari hii alikuja na shemeji yake, Damasi, mudogo wa marehemu mume wake, chofa wa camionnette ya kubeba mizigo, mutu wa sauti kubwa kuliko moteri yake.

"We fundi gani wewe? Kitu inakufa kwetu, inafufuka kwako. We ni fundi ao ni muchawi?"

"Damasi," Mama Esperansi akasema, "heshimu mutu."

"Namuheshimu! Lakini mi nataka kuuliza: juu ya nini usiweke karatasi ya fedha ya sigara, tumalize? Camionnette yangu iko na musumari pahali pa fizible, na inatembea mpaka Ruhengeri!"

"Njo maana ukipiga honi taa za mbele zinazimika," nikamwambia. Watu wa kibanda za jirani walicheka, na yeye akacheka kidogo, juu ilikuwa kweli.

Lakini Mama Esperansi hakucheka. Aliweka mukono juu ya meza yangu. "Fundi, leo asubuhi nimekuta mayai imepoa. Nimeyafunika na kila nguo iko nyumbani. Ng'ombe yangu iko ndani ya ile kabati. Ikipoa tena nusu siku, ni kwisha. Kuja uone mwenyewe."

Vijana, mi sikuwa nafuata mashini nyumbani kwa watu. Mashini inakuja kwa fundi. Lakini ile kioo safi ilikuwa imeanza kuninyima usingizi. Inafanya kazi Nengo, inakufa Nyamyumba! Umeme ni ule ule. Nikachukua mutungi mudogo wa fizible, chuma ya kuunganishia, bisibisi, nikapanda nyuma ya moto, pikipiki ya kulipia, kisanduku kwenye magoti, ziwa huku chini inang'aa, roho yangu inaruka kama ninaenda harusi.

Nyumba yake ilikuwa juu kidogo ya ile chemchemi ya maji ya moto, amashyuza. Munaijua. Watu wanatoka mbali kuweka miguu, mugongo, wenye baridi yabisi wanalala ndani kama viboko. Kabati ilikuwa ndani ya chumba ya nyuma, imejengwa kwa mbao kavu, pamba na karatoni imejazwa pembeni ili joto isitoke. Nikaona ile pamba nikaogopa. Nikamuita Damasi.

"Angalia. Tukiweka karatasi yako ya sigara, waya itapata moto. Moto itaanza wapi?"

Akaangalia pamba, akaangalia dari ya mianzi. "Lakini mayai inapoa, fundi! Nyumba haijaungua, mayai inapoa!"

Majirani walikuwa wamejaa mulangoni. Nusu wako na Damasi. Mama mumoja alisema weka tu, Mungu atalinda. Na kusema ukweli nilielewa, juu niligusa mayai chini ya nguo na ilikuwa vuguvugu tu, kama chai iliyosahauliwa.

Nikaweka fizible mupya. Balbu zikawaka, watu wakapiga makofi. Nikangoja. Hakuna kitu. Inawaka, muzuri kabisa! Hapo nikakumbuka sauti ya Mzee Ramazani, imekufa namna gani, nikamwambia mwenye nyumba: "Mama Esperansi, fanya sasa yale yote unafanyaka kila siku. Kama mi siko hapa. Usiache hata kitu."

"Yote?"

"Yote."

Akajifunga kitenge vizuri. Akatoa zile nguo, akageuza mayai moja moja kwa mukono, muzuri, anaongea nayo. Akatazama kipimajoto. Kisha akaenda nje, akarudi na beseni ya maji yenye moshi na tawi ya majani. Akachovya tawi ndani ya maji, akanyunyizia mayai, huku anasali kwa sauti ya chini. Huku na huku, juu na chini. Matone yakaanguka kwenye mayai, yakapita kati ya waya za rafu, yakaenda chini, na chini njo iko kisanduku yangu, na mufuniko yake iko na matundu ya kupitisha hewa.

Tsss. Kama mafuta kidogo kwenye kikaango. Halafu, baada ya kitambo, balbu zote: giza.

Nikaruka! Nilipiga makofi, nilizunguka ile chumba, nilishika Damasi kwa mabega nikamutikisa. "Imekufa! Imekufa! Mumesikia?"

"Mana yanjye, Mungu wangu," Mama Esperansi akasema. "Fizible imekufa, na we unacheza?"

"Ile maji! Ile maji unatoa wapi?"

"Pale chini, kwenye amashyuza." Akaanza kujieleza haraka. "Waliniambia siku za mwisho mayai inataka unyevu, ganda isikauke. Na mi nikafikiri, ile maji inaponya mugongo, inaponya miguu ya wazee, kwa nini mutoto wa kuku naye asipate nguvu?"

Nikafungua kisanduku. Ndani, juu ya kile kibao chenye njia za umeme, kulikuwa kumeota kitu cheupe kama ule ugumu unaoshika kwenye mudomo ya sufuria ya kuchemshia maji. Maji ya amashyuza iko na chumvi ya mawe ndani. Ikikauka, inaacha ile nyeupe. Ikiwa kavu, umeme hausumbuki. Ndiyo sababu kwangu Nengo, baada ya upepo na jua ya njiani, kila kitu ilikuwa sawa! Lakini ukiilowesha tena, ile nyeupe inakuwa daraja: umeme unavuka kando kwa kando, unavuta kidogo kidogo, na T inavumilia, inavumilia, inachoka. Kioo safi, kawaya katikati. Ilikuwa inatuambia tangu siku ya kwanza!

Mi nilikuwa na furaha mpaka sikuona uso wa Mama Esperansi. Alikuwa amekaa chini, tawi bado mukononi.

"Donc ni mi," akasema. "Ni mi nimewaua. Na sala yangu."

"Hujaua kitu, mama. Sala iendelee. Maji njo ilikosa adabu, iliingia pahali haikualikwa."

"Utatengeneza?"

"Natengeneza. Lakini nitahitaji kuosha, na kukausha kabisa kabisa. Itafika alasiri."

"Alasiri mayai itakuwa mawe."

Na hapo Damasi, yule Damasi wa karatasi ya sigara, alisimama katikati ya mulango, akatazama chini kwenye moshi wa chemchemi, akatutazama sisi, akasema: "Si munasema maji njo imeharibu? Basi ikuje ilipe!"

"Namna gani?"

"Mabidoni! Tujaze madumu yote maji ya moto, tuyafunike na blanketi, tuweke mayai juu!"

"Damasi," Mama Esperansi akamwambia, "pale ile maji inatokea chini ya mawe watu wanachemshaka mayai."

"Ndani, shemeji! Wanachemsha ndani! Mi nasema juu ya bidoni, juu ya blanketi! Kwani bidoni hazina ukuta?"

Alishuka mbio kabla hatujamujibu, na majirani wote nyuma yake. Nimeona watu wa Nyamyumba wakibeba maji maisha yangu yote, sijawahi kuwaona wakibeba vile. Mabidoni ya njano yanapanda kilima yanatoa moshi, akina mama wanapiga kelele, "Pisha! Pisha! Inaunguza!" Wakayapanga chini kama kitanda, blanketi juu, kitenge juu ya blanketi, mayai juu ya kitenge, na nguo zingine juu tena. Mama Esperansi alikuwa anachukua yai, analigusisha kwenye kope ya jicho, kusikia joto yake. "Hii mingi. Weka blanketi ingine. Hapa kidogo. Damasi, leta ingine, hii imepoa!" Na Damasi anashuka, anapanda, shati imelowa, hana sauti tena ya kubishana na mutu.

Mi nilikuwa nje na kibao yangu. Sikieni namna ya kuosha, itawasaidia. Kwanza ndimu, juu ile nyeupe haiogopi sabuni lakini inaogopa ndimu, inatoa povu kidogo kisha inaachia. Musugulie na muswaki mukuukuu, pole pole, kufuata njia za umeme, si kuzikata. Halafu maji ya mvua mara nyingi ili ndimu isibaki, juu ndimu yenyewe ikibaki itakula shaba. Maji ya mvua, si ya chemchemi! Kisha alkoli ya kupangusia vidonda, inafukuza maji na kukauka haraka. Kisha jua, juu ya bati, na uvumilivu wako wewe mwenyewe. Hiyo ya mwisho njo ilikuwa ngumu. Kila dakika kichwa ya mutu inatokea: "Fundi, bado?" Bado. "Fundi, bado?" Bado! Ukifunga ikiwa na unyevu, umefanya kazi bure.

Ilipokauka nilirefusha waya ya kile kidude cha joto ili kibaki ndani, nikapigilia kisanduku nje ya kabati, juu kwenye ukuta, pahali hakuna tone itafika hata akinyunyiza na ndoo. Nikamwaga mutungi wa fizible mukononi. Zilikuwa F, F, F, moja ya ampere kumi ya wale watu wa heshima, na T moja ya ampere mbili. Ile tu. Zingine zilikuwa zimeishia kwenye ile mashini zile siku tatu.

Nikaingia. "Nyamazeni," nikasema. "Nataka kusikia."

Wakanyamaza wote. Majirani mulangoni, Damasi na bidoni mukononi, Mama Esperansi magoti chini kando ya mayai. Nikaweka fizible, nikasukuma kofia yake mpaka ikashika. Nikawasha.

Balbu zikawaka. Nikaweka sikio karibu na kisanduku, natafuta ile tsss. Nikamwambia Mama Esperansi anyunyize, anyunyize kama kawaida. Akanyunyiza kwenye rafu tupu. Matone yakaanguka chini. Hakuna tsss. Joto ikapanda, balbu zikazima zenyewe kama inavyotakiwa. Ikashuka, zikawaka zenyewe. Na katika ile kimya ya watu wengi wasiopumua nikasikia kitu, lakini haikutoka kwenye kisanduku.

Pii.

Ilikuwa chini ya kitenge, juu ya bidoni.

Pii, pii.

"Imeshika!" nikapiga kelele. "Fizible imeshika! Munaona, imeshika!"

Hakuna hata mutu mumoja alinisikia. Walikuwa wamenigeuzia mugongo wote. Nguo zilitolewa, na pale katikati ya mayai, moja ilikuwa na tundu, na ndani ya tundu kidomo kidogo kinagonga. Kinagonga, kinapumzika. Kinagonga, kinapumzika. Mama Esperansi aliinama mpaka pua yake ikagusa kitenge, machozi zinaanguka kwenye ganda, na anaongea na lile yai kama mukunga anavyoongea na mwanamuke kwenye kitanda:

"Sukuma, baba. Kuja. Sukuma."

Na nyuma yake wale akina mama wote, kwa pamoja: "Sukuma!"

Na Damasi, bidoni bado mukononi, maji inamwagika kwenye viatu yake na hasikii kitu, sauti yake yote imerudi: "Sukuma, sha! Sukumaaa!"